"Inafanya Kazi, Usiiguse"? Nani Kasema!

Haya wasomaji wangu, leo nataka kugombana kidogo.

Kama kuna sentensi ninayoichukia katika kazi yetu hii ya kuandika programu za wavuti, ni hii: "Inafanya kazi, usiiguse." Nimeisikia Nairobi, nimeisikia Mombasa, na sasa imenifuata mpaka huku kwetu Kiunga, karibu kabisa na mpaka wa Somalia, mahali ambapo mtandao wa simu wenyewe ni wa kubahatisha. Wanaoisema huitamka kwa sauti ya hekima, kana kwamba ni methali tuliyorithi kwa wazee. Si methali. Ni woga uliovishwa kanzu.

Kwa wale wasio mafundi, nieleze kwanza. Programu huandikwa kwa vipande. Kipande kimoja chenye jina lake na kazi yake huitwa methodi. Methodi nzuri unaisoma na kuielewa kabla chai haijapoa. Methodi mbaya ina mistari mia tano, mia nane, elfu. Ndani yake mna kusoma fomu, kukagua data, kupiga hesabu, kuandika kwenye hifadhidata, kuchapisha ukurasa na kutuma ujumbe wa simu, vyote vimepikwa sufuria moja. Kuichukua methodi ya namna hiyo na kuigawa katika vipande vinavyosomeka, bila kubadilisha inachokifanya, ndiyo kazi ambayo mafundi huiita rifaktaringi. Mimi nitaiita kupanga upya, nafikiri tutaelewana.

Kuna wanaodhani kupanga upya ni urembo, kazi ya watu wenye muda wa kuchezea. Hao ndio nina maneno nao.

KISA CHA MAFUTA YA BOTI

Hapa kwetu kuna kikundi cha wavuvi chenye programu ya wavuti ya kuandikia mzigo unaoshushwa pwani. Chombo kikifika, katibu anaandika aina ya samaki, kilo, bei, gharama za safari, kisha programu inagawa pesa: fungu la chombo na fungu la mabaharia. Programu iliandikwa na kampuni moja ya mjini, jina naliacha. Waliichapa, wakalipwa, wakaondoka. Mimi niliitwa baadaye, mambo yalipoharibika.

Zamani mgao wao ulikuwa hivi: mauzo yanagawanywa mafungu matatu, moja la chombo, mawili ya mabaharia, kisha mafuta ya injini yanatolewa kwenye fungu la mabaharia. Mabaharia wakalalamika, na haki yao. Mkutano ukakaa, ukaamua kwamba mafuta yatolewe kwanza juu ya mauzo yote, ndipo kinachobaki kigawanywe. Ni sentensi moja tu, na mtoto wa shule anaielewa.

Kampuni ikaombwa kubadilisha. Ikachukua wiki kadhaa, ikatoza pesa, ikasema tayari. Na kweli, kwa samaki wa nyavu ilikuwa tayari. Lakini kwa kamba mawe, ambao ndio wenye pesa, hesabu ilibaki ya zamani. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya methodi moja ya mistari 870, mafuta yalikuwa yanatolewa mahali panne tofauti. Aliyebadilisha aliona matatu. Sehemu ya kamba mawe ilikuwa mamia ya mistari chini zaidi, ndani ya sharti lililo ndani ya sharti.

Sasa tupige hesabu. Safari imeuza kamba wa shilingi 12,000, mafuta 3,000, mabaharia wanne. Kwa uamuzi wa mkutano: 12,000 toa 3,000 zinabaki 9,000, chombo 3,000, mabaharia 6,000, kila mmoja 1,500. Kwa hesabu ya programu: chombo 4,000, mabaharia 8,000 toa 3,000 zinabaki 5,000, kila mmoja 1,250. Shilingi 250 kwa kila mtu, kila safari. Shilingi 1,000 zinahama kutoka kwa watu wanne waliozamia hadi kwa mwenye chombo aliyekaa nchi kavu.

Na nani alilaumiwa? Si methodi. Alilaumiwa katibu. Watu walianza kumtazama kwa jicho la wizi, mzee wa watu ambaye kazi yake ilikuwa kujaza fomu na kubonyeza kitufe. Nilipomwendea aliniambia: "Mwanangu, mimi nasoma kinachoandikwa na hiyo mashine. Kama mashine inaiba, mimi nitajuaje?" Nikamwambia: "Ami, mashine haiibi. Imeandikwa isisomeke, na kisichosomeka hakikaguliki."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, ndugu msomaji. Methodi ndefu si tatizo la ladha. Ni daftari la hesabu ambalo hakuna awezaye kulikagua, na pesa za watu zimo ndani yake.

METHODI HAZIZALIWI NDEFU

Hakuna fundi anayeamka asubuhi akasema leo naandika methodi ya mistari 870. Inazaliwa na mistari thelathini, safi. Kisha anakuja mteja: ongeza kamba. Unaweka sharti. Ongeza pweza. Sharti jingine. Tajiri mmoja ananunua kwa mkopo, weka sharti. Wengine wanataka kulipwa kwa M-Pesa, sharti tena. Kila nyongeza ni ndogo, na kila mara ni rahisi zaidi kuichomeka palepale kuliko kutafuta mahali pake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunatundika picha juu ya ufa.

Tabia hii ina hesabu yake, tena ya zamani. Mwaka 1976 Thomas McCabe alichapisha njia ya kupima ugumu wa kipande cha programu: hesabu sehemu zote ambapo programu inachagua njia, jumlisha moja. Akapendekeza kwamba ikizidi kumi, ukigawe. Watu wanamcheka, wanasema namba kumi ameitoa wapi. Haya, tuiache kumi, tupige hesabu nyingine. Masharti kumi yasiyotegemeana, kila moja ndiyo au siyo, yanatoa michanganyiko 1,024. Masharti ishirini yanatoa 1,048,576. Nionyeshe fundi aliyejaribu michanganyiko milioni moja kwa kubofya kwenye kivinjari, nami nitafunga virago nikavue pweza.

Unapogawa methodi hiyo, masharti hayapotei, yanatenganishwa. Hesabu ya mgao unaijaribu peke yake, malipo peke yake, uchapishaji wa risiti peke yake. Badala ya kuzidisha, sasa unajumlisha. Huo ndio ufundi wote, wala si uchawi.

SERIKALI HAITAKUSUBIRI

Mtetezi wa "usiiguse" ataniambia: hayo ni mambo ya kikundi cha wavuvi, sisi mjini mahitaji yetu hayabadiliki. Kweli? Tukumbushane.

Tarehe 25 Machi 2020, wakati wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kodi ya ongezeko la thamani inashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kuanza lini? Tarehe 1 Aprili. Wiki moja! Kisha tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Fikiria duka la mtandaoni ambalo asilimia imeandikwa mara 0.16, mara 1.16, mara 16/116, imetawanywa ndani ya methodi tatu ndefu. Na si kubadilisha namba tu. Bidhaa iliyouzwa Machi ikirudishwa Aprili, inarejeshewa kodi ya 16, si ya 14. Mwenye methodi ndogo iitwayo kiwangoChaVat, inayopokea tarehe na kurudisha asilimia, aliongeza mstari mmoja akalala. Mwenye methodi ndefu alikesha, na Januari akakesha tena.

Hiyo ilikuwa kodi. Njoo kwenye mishahara. Makato ya NHIF yalikuwa ngazi ya madaraja 17, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. Ndani ya programu nyingi ngazi hiyo iliandikwa kama ilivyo: kama mshahara uko hapa, la sivyo kama uko pale, madaraja kumi na saba katikati ya methodi ya mshahara. Tarehe 1 Oktoba 2024 ngazi yote ikaondolewa, ikaja SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue shilingi 300. Kodi ya nyumba nayo, asilimia 1.5, ilianza kukatwa Julai 2023; Novemba Mahakama Kuu ikasema inapingana na Katiba; Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa iendelee kukatwa wakati rufaa ikisubiriwa; Machi sheria mpya ikairudisha. Washa, zima, washa. Sasa niambie, mwenye methodi asiyothubutu kuigusa alifanyaje? Nitakwambia: alichomeka sharti jingine. Na methodi ikarefuka.

Programu isiyoguswa haikai ilivyo. Dunia inaizunguka, nayo inaoza palepale. Kwa hiyo swali si kama utaigusa. Utaigusa tu. Swali ni kama utaigusa ukiwa unaona, au ukipapasa gizani.

"BASI TUANDIKE YOTE UPYA"

Kuna kundi la pili, na hawa nawaogopa zaidi kwa sababu ni wachangamfu. Hawa wakiona methodi mbovu wanataka kufuta kila kitu waanze na kifaa kipya kilichotoka juzi. Mteja anaambiwa asubiri miezi sita. Miezi sita inakuwa kumi na nane.

Tumeshaliona hili likiua wakubwa. Netscape walitoa kivinjari chao namba 4 mwaka 1997, kisha wakaamua kuandika upya kutoka mwanzo. Namba 5 haikutoka kamwe. Namba 6 ilitoka Novemba 2000, na wakati huo Microsoft walikuwa wameshachukua soko. Joel Spolsky aliandika mwaka huohuo kwamba hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ambalo kampuni ya programu inaweza kulifanya. Sababu yake ni nzuri: mistari ile mibaya usiyoielewa, mingi yake ni viraka vya makosa ambayo mtu aliyaona, akayatafuta, akayatibu. Ukifuta, umefuta na ujuzi.

Pwani tunalijua hili bila kwenda Marekani. Jahazi likiwa na ubao mmoja uliooza, fundi hachomi jahazi. Anang'oa ubao ule, anachonga mwingine, anapigilia, anakalafati, chombo kinarudi majini, wanaangalia kama maji yanaingia. Kisha ubao unaofuata. Mwenye chombo anaendelea kula.

NILIFANYAJE NA ILE YA MISTARI 870

Kitabu cha kazi hii kipo tangu 1999: Refactoring cha Martin Fowler, toleo la pili 2018. Cha pili ni cha Michael Feathers cha mwaka 2004, Working Effectively with Legacy Code. Ukiwa na uwezo, visome. Kama huna, hizi hapa hatua zangu.

Kwanza, sikugusa kitu. Nilichukua fomu halisi za safari zilizopita, za nyavu, za kamba, za pweza, za mkopo, za taslimu, nikazipitisha kwenye methodi ile mbovu na kuhifadhi majibu yake yote, hata yaliyokuwa na makosa. Huo ndio ushahidi. Baada ya kila badiliko nazipitisha tena. Jibu moja likitofautiana, narudi nyuma. Bila majaribio haya hupangi upya, unacheza kamari.

Pili, nilianza na hesabu tupu, zile zisizogusa hifadhidata wala ukurasa. Mgao wa pesa unapokea namba na kurudisha namba. Ndizo rahisi kuzitoa na rahisi kuzijaribu, na ndimo pesa za watu zilimo.

Tatu, masharti ya kukataa niliyapandisha juu. Kilo hazijaandikwa? Rudi hapohapo. Chombo hakijasajiliwa? Rudi. Sharti lililokuwa ndani ya sharti ndani ya sharti likawa orodha fupi ya kusomeka kwenda chini.

Nne, sikuchanganya kupanga upya na kurekebisha. Kosa la mafuta ya kamba nililiona siku ya kwanza, lakini nilingoja hadi hesabu zote nne za mafuta zikawa methodi moja, ndipo nikairekebisha, mara moja, mahali pamoja. Ukifanya yote kwa pamoja, jibu likibadilika hujui ni kwa sababu umetibu au kwa sababu umeua.

Tano, hatua ndogo, kila moja naihifadhi na kuipeleka kwenye seva. Kwa mtandao wetu huu hii ni lazima. Faili kubwa likikatika katikati ya safari, tovuti inalala. Faili dogo linafika.

Mwishowe ile methodi ikawa hivi:

function hifadhiMzigo($fomu) {
    $mzigo = somaFomu($fomu);
    kaguaMzigo($mzigo);
    $mgao = gawaMapato($mzigo);
    andikaDaftarini($mzigo, $mgao);
    return risiti($mzigo, $mgao);
}

Mistari 870 haikuyeyuka, jamani. Mingine ilikuwa marudio ikafa, mingine imehamia nyumba zake. Lakini tazama majina. Nilimwonyesha katibu kipande cha gawaMapato. Hajui PHP hata kidogo. Akaweka kidole kwenye skrini: mauzo, toa mafuta, kinachobaki gawa kwa tatu. "Hivi ndivyo tulivyosema mkutanoni," akasema. Maneno hayo yana thamani kuliko cheti chochote cha ubora.

Ndiyo maana nasema majina yaandikwe kwa lugha ya wenye kazi. Kupanga upya, nusu yake ni kutoa majina. Na mahali ambapo mzigo unaitwa mzigo na tajiri anaitwa tajiri, sioni kwa nini niandike maneno ambayo mwenye pesa hayajui.

LAKINI MSIKATE KWA RULA

Nisieleweke vibaya. Kuna vijana wamesoma mahali kwamba methodi isizidi mistari mitano, sasa wanakatakata kila kitu kama kachumbari. Unafungua methodi, inaita nyingine, inayoita nyingine, inayoita mstari mmoja. Kuelewa kitu kimoja unafungua mafaili tisa. Huo nao ni ugonjwa.

John Carmack, yule wa mchezo wa Doom, aliandika mwaka 2007 akitetea msimbo mrefu unaokwenda moja kwa moja, kwa sababu unaona mpangilio wa matukio yote mahali pamoja. John Ousterhout katika kitabu chake cha 2018 anasema heshima ya kipande ni kuficha ugumu mwingi nyuma ya mlango mdogo, si ufupi wake. Nakubaliana nao. Mistari 80 inayochapisha risiti mstari baada ya mstari, bila masharti, hainikoseshi usingizi. Mistari 25 yenye masharti tisa ndiyo inayonitisha.

Kipimo changu ni kimoja: je, kipande unachokitoa kina jina la kweli? Ukiona unakiita sehemuYaPili au endeleaKazi, kirudishe. Umekata nyama bila kufuata kiungo.

UFUNGUO UKO KWA NANI?

Namalizia kwa wale wanaolipa, kwa sababu mafundi wataendelea kufanya wanavyolipwa kufanya.

Methodi isiyosomeka ni kufuli. Aliyeiandika ndiye mwenye ufunguo, na kila ukitaka kubadilisha uamuzi wako mwenyewe unampigia simu, anakutajia bei. Sisemi wote wanafanya makusudi. Nasema matokeo ni yaleyale. Kikundi kilikuwa na mkutano wake, kura zake na katibu wake, lakini uamuzi wake ulikwama ndani ya faili moja ambalo hakuna mwanachama angeweza kulisoma.

Kwa hiyo kama wewe ni kikundi, shule, zahanati au duka, na unaagiza programu, dai haya kwenye mkataba: msimbo wote ukabidhiwe kwako, majaribio ya hesabu za pesa yakabidhiwe nayo, na kabla ya malipo ya mwisho, fundi mwingine asiyeiandika aweze kubadilisha kanuni moja ndogo mbele yako, siku hiyohiyo. Akishindwa, haijakamilika, hata kama "inafanya kazi".

Na wewe fundi mwenzangu, wiki hii chagua methodi moja tu, ile unayoiogopa kuliko zote. Iandikie majaribio matatu. Toa kipande kimoja, kipe jina la kweli. Wiki ijayo kingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Atakayesema "inafanya kazi, usiiguse", muulize: inamfanyia kazi nani?